Inapobidi ni lini?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, ni mhasibu hapa Morogoro. Daktari alinipa diazepam ya kutuliza hofu, vidonge 10 vya miligramu 5, na kwenye bahasha wameandika "1 inapobidi". Hofu ikinivamia naanza kubishana na nafsi yangu. Juzi kwenye daladala nilikitoa kidonge nikakishika mkononi mpaka hofu ikaisha yenyewe. Wiki iliyopita nilimeza kimoja kabla ya kikao, nikasinzia mbele ya bosi. Dada yangu anasema nitakuwa teja. Hiyo inapobidi ni lini? – Nimeze Nisimeze

Marahaba, mwanangu. Aliyeandika "inapobidi" akaishia hapo kakuachia nusu ya kazi yake, na mtu ambaye moyo unamwenda mbio si wa kuachiwa hesabu hiyo.

Tuanze na daladala. Hofu ya ghafla hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka. Kwa wengi, baada ya nusu saa kinachobaki ni uchovu. Diazepam ya kumeza huanza kusikika baada ya nusu saa hivi, na nguvu yake hufika juu kati ya dakika 60 na 90. Ukiwa umeshiba chakula cha mafuta huchelewa zaidi. Kidonge ungekimeza pale stendi ya Msamvu, kingeanza kazi ukiwa umeshashuka na kufika ofisini. Hofu ingekwisha kwa njia zake, sifa ikapewa dawa, na kesho yake usingethubutu kupanda gari bila ile bahasha. Kukishika tu mkononi ulifanya vyema, hata kama hukukusudia.

Hofu ya namna hiyo ishughulikie kwa pumzi: vuta puani ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, kwa dakika 5. Ile ganzi ya vidole na kizunguzungu huletwa na kuhema haraka haraka mpaka kaboni dioksaidi inapungua kwenye damu, kwa hiyo wanaokwambia "vuta pumzi kubwa" wanakuongezea. Refusha kutoa. Lakini maumivu ya kifua ambayo hujawahi kuyapata, yanayokwenda mkononi au tayani, hayo ni ya hospitali hapo hapo.

Kidonge kinafaa kwa hofu inayokaa: umejaribu pumzi, umetembea, nusu saa imepita na bado mwili unatetemeka, au usiku unasonga na hofu haishuki. Kinafaa pia kwa jambo la nadra unalolijua tarehe yake, kama safari ya ndege au kung'olewa jino. Hapo unameza saa moja kabla, na mtu mwingine ndiye anaendesha.

Kikao cha kila wiki hakimo humo. Diazepam hupunguza kumbukumbu na wepesi wa akili, vitu viwili ambavyo mhasibu anavihitaji kikaoni kuliko utulivu. Kama shida yako ni mikono kutetemeka na moyo kudunda, muulize daktari kuhusu propranolol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, ila mwambie kwanza kama una pumu, maana wenye pumu hawapewi. Mwulize pia kama miligramu 5 za diazepam si nyingi kwako. Vidonge vingi vina mstari katikati wa kuvigawa. Dozi ya kwanza ya dawa yoyote ya aina hii ijaribiwe nyumbani, siku isiyo na kazi.

Halafu jua kwamba dawa hii haiondoki upesi. Baada ya siku mbili karibu nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo ya leo hupandia juu ya ya jana. Usiichanganye na pombe wala tramadol, ile dawa kali ya maumivu. Mchanganyiko huo huweza kuzimisha pumzi usingizini. Ukihisi una mimba, mwambie daktari kabla ya kumeza tena.

Dada yako hajakosea sana, ila amewahi mno. Mazoea hujengwa na kumeza kila siku kwa wiki kadhaa, si na vidonge 10 vinavyomezwa mara moja moja. Ukiona unavihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki, rudi hospitali: hapo kinachotakiwa ni tiba ya mazungumzo au dawa ya kila siku kama sertraline, ambayo huchukua wiki kadhaa kushika. Na aliyekwisha kuimeza kila siku kwa wiki nyingi asiache ghafla, anaweza kupata degedege. Hupunguziwa kidogo kidogo na daktari.

Ukienda, beba kidaftari: saa hofu ilipoanza, ukali wake kati ya 0 na 10, ulimeza au hukumeza, ilishuka saa ngapi. Umuombe akutajie namba tatu: kiasi kwa mara moja, kisichozidi kwa siku, siku zisizozidi kwa wiki. Aziandike kwa kalamu kwenye bahasha ile ile, chini ya hilo neno lake.