Tithonia kwa sukuma wiki: maji yake au majani yenyewe?

SWALI: Sukuma wiki yangu inageuka manjano kuanzia majani ya chini. Niliroweka majani ya tithonia (kichaka chenye maua ya manjano) kwenye pipa kwa wiki mbili, nikainyunyizia hivyo hivyo. Sasa kingo za majani zimeungua. Nimekosea wapi? Na je, naweza kuacha kabisa samadi? — Msomaji, Vihiga

JIBU: Manjano yanayoanzia majani ya chini mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, kirutubisho cha mmea: mmea huihamisha kutoka majani makuukuu kulisha machanga. (Yakianzia juu, au udongo ukiwa umetota, tafuta sababu nyingine.) Kwa hiyo tithonia ulichagua vyema. Majani yake yakikaushwa huwa na naitrojeni ya takriban asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4.

Kilichounguza ni ukali. Maji hayo yana chumvi nyingi na amonia, nayo hayamwagwi yakiwa mazito. Changanya lita moja na maji lita mbili. Yakiwa meusi sana, ongeza maji zaidi. Mwagia shinani jioni, nusu lita kwa kila mche, mara moja kwa wiki. Majani usiyamwagie, kwanza kwa sababu utayala wewe mwenyewe, na ile harufu unaijua.

Pipa lako lifunike, maana amonia ikipotea hewani ndiyo naitrojeni yenyewe inakwenda, lakini usilibane. Liwe la plastiki, ukoroge kila baada ya siku mbili tatu.

Hata hivyo, ningekuwa na ua wa tithonia kama zile za kwenu, ningeanza kwa kufukia, pipa lifuate. Kata kabla haijachanua, chukua majani na vitawi laini tu. Mashina magumu yakioza ardhini huvuta naitrojeni ya udongo, na sukuma ikabaki na njaa ile ile. Katakata, fukia kilo mbili hadi tatu mbichi kwa kila mita ya mraba, kisha subiri wiki moja au mbili ndipo upandikize. Maji ya pipa yatakuja baadaye kuongezea nguvu, hasa kwa sukuma inayochumwa miezi mingi. Mchicha wa wiki nne unatosheka na kumwagiwa mara mbili.

Samadi usiiache. Fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea, ni kidogo kwenye tithonia, haifiki hata nusu asilimia, na udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya huishikilia ile iliyopo. Kiganja cha samadi iliyooza vizuri kwenye kila shimo kinatosha kuanzia.

Miche iliyoungua imwagilie maji matupu siku chache, uchume yale majani mabaya. Ikichipua upya, rudi kwenye pipa.