Kipimo cha vinasaba kwa mgonjwa wa ukoma: anayepimwa ni bakteria

Ndugu uliyeuliza kuhusu baba yako, aliyemaliza miezi 12 ya dawa za ukoma na sasa, baada ya mabaka kurudi, anatakiwa kukatwa kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo cha vinasaba: nimefanya kazi katika maabara iliyopokea sampuli za aina hiyo, na hofu yako kwamba familia inachunguzwa kama ina ukoma wa kurithi nimeisikia mara nyingi. Iondoe kabisa. Vinasaba vinavyosomwa ni vya bakteria waliomo kwenye ngozi, wala si vya baba yako au vya wanawe.

Tofauti na wa kifua kikuu, bakteria wa ukoma hawaoti kwenye chupa za maabara. Kwa miaka mingi, ili kujua kama dawa bado inawaua, walipandikizwa kwenye nyayo za panya, na kwa kuwa huchukua takribani wiki mbili kujigawa mara moja, jibu lilisubiriwa miezi sita au zaidi. Kipimo cha sasa hutafuta usugu, yaani bakteria kutosikia dawa, kwa kuangalia mabadiliko katika jeni (sehemu za vinasaba) tatu, kila moja kwa dawa yake: rpoB kwa rifampisini, folP1 kwa dapsoni na gyrA kwa ofloksasini. Rifampisini ndiyo nguzo ya matibabu, kwa hiyo jibu la rpoB ndilo la kulisoma kwanza.

Lililonisumbua zaidi kazini ni majibu yanayosomwa vibaya. Sampuli yenye bakteria wachache mno haitoi jibu lolote, na nimeona karatasi ya namna hiyo ikichukuliwa kuwa ushahidi kwamba hakuna usugu, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Nimepokea pia vipande vilivyotiwa formalini, ambayo huharibu vinasaba, badala ya spiriti ya asilimia 70, na mgonjwa akalazimika kukatwa upya. Ulizeni mapema kipande kitahifadhiwa katika nini, na kama vipimo vya majimaji ya ngozi yaliyochukuliwa kwenye ndewe za masikio vimeonyesha bakteria wa kutosha.

Usugu ukithibitishwa kwa rifampisini, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza matibabu ya miezi 24: miezi sita ya klofazimini kila siku pamoja na dawa mbili kati ya klarithromaisini, minosaiklini na dawa ya kundi la ofloksasini, kisha miezi 18 ya klofazimini na moja kati ya hizo.

Hata hivyo, mabaka kurudi si lazima yawe usugu. Mara nyingi ni kinga ya mwili inayopambana na mabaki ya bakteria waliokwisha kufa: mabaka huvimba na kuwa mekundu, na mishipa ya fahamu huuma. Hali hiyo hutibiwa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo, na ikicheleweshwa mkono au mguu unaweza kupooza kwa kudumu. Kama baba yako ana maumivu ya kiwiko, ganzi mpya au udhaifu wa vidole, mrudisheni kliniki leo, bila kungoja jibu la maabara.