Maswali na majibu: Patrick's Street, barabara ya Cork iliyojengwa juu ya mto

Baada ya makala yangu kuhusu miji ya Ireland, maswali mengi yameelekea Cork, jiji la pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Ireland, na hasa barabara yake kuu ya maduka, St Patrick's Street. Nimejibu haya.

Kwenye ramani mitaa ya jirani imenyooka, lakini Patrick's Street imepinda. Kwa nini? (Msomaji wa Tanga)

Kwa sababu zamani ilikuwa mkono wa mto. Cork ilianzia kwenye visiwa vya kinamasi katikati ya mto Lee, na pale wanapopita wanunuzi leo zilipita mashua za mizigo. Miaka ya 1780 maji yakafunikwa kwa matao ya mawe, barabara ikajengwa juu yake ikifuata mkondo ule ule. Ukitaka ushahidi, nenda South Mall, mtaa wa karibu wenye historia kama hiyo. Zipo nyumba ambazo ngazi zake za mawe hupanda kutoka barabarani moja kwa moja hadi ghorofa ya kwanza, na chini ya ngazi kuna mlango mfupi wenye tao. Juu walipita wenye nyumba na wageni wao. Chini iliingia mashua. Kwangu mimi mlango ule mfupi unaieleza Cork kuliko kibao chochote cha watalii.

Nimesikia kwamba Waingereza waliichoma moto barabara hii. Ni kweli, au ni maneno ya siasa? (Msomaji wa Nakuru)

Ni kweli tupu. Ilikuwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1920, katikati ya vita vya uhuru wa Ireland. Jioni ile wapiganaji wa IRA, jeshi la Waayalandi waliopigania uhuru, waliwavizia Auxiliaries pale Dillon's Cross, kitongoji cha Cork, na Auxiliary mmoja akafa. Auxiliaries walikuwa kikosi cha polisi kilichojaa maofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza. Kisasi chao kiliwashukia wenye maduka. Duka la Grant's lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuwaka, kisha Cash's, Munster Arcade na Roches Stores. Wazima moto walipofika, mipira yao ya maji ilikatwa na wengine wakafyatuliwa risasi. Kulipokucha, maduka na ofisi zaidi ya 40 na makazi yapatayo 300 yalikuwa yameteketea, pamoja na ukumbi wa jiji na maktaba. Watu wapatao 2,000 walikosa kazi wiki mbili tu kabla ya Krismasi.

Linaloniuma zaidi ni yaliyofuata. Hamar Greenwood, waziri aliyeshughulikia Ireland, alisimama bungeni London na kuwasingizia wenyeji kwamba wamejichomea mji wao wenyewe. Jeshi lilifanya uchunguzi wake chini ya Jenerali Strickland, lakini serikali ikakataa kuichapisha ripoti. Mtu amechomewa duka, halafu anaambiwa moto ni wake!

Ukitembea leo utaona alama ya usiku ule bila kuonyeshwa: upande wa kusini una majengo mengi yaliyojengwa upya miaka ya 1920, ilhali upande wa pili umebakiza sura za zamani zaidi.

Yule mtu wa sanamu karibu na daraja ni nani? (Msomaji wa Mombasa)

Ni Padri Theobald Mathew, mtawa Mkatoliki wa shirika la Wakapuchini. Mwaka 1838 alianzisha Cork harakati ya kuacha pombe kabisa, na watu kwa maelfu wakala kiapo mbele yake. Sanamu ni kazi ya John Henry Foley na ilizinduliwa 1864. Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyeutoroka utumwa, alipofika Cork mwaka 1845 alikutana na padri huyu.

Huko wanakula nini, na wapi? (Msomaji wa Thika)

Kata kushoto au kulia kuingia vichochoro vinavyoelekea English Market, soko lililofunguliwa 1788. Jina lilitokana na watawala wa jiji wa wakati ule, Waprotestanti walioegemea Uingereza; soko jingine, la St Peter's, ndilo lililoitwa la Waayalandi. Ndani kuna samaki juu ya barafu, siagi, jibini, na nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye viungo ambayo familia nyingi za Cork hazikosi wakati wa Krismasi. Wewe wa Thika utafute drisheen: ni damu iliyopikwa ndani ya utumbo, binamu wa mutura, soseji ya utumbo ya kwenu Kenya, ila laini zaidi na haichomwi mkaani. Huliwa pamoja na matumbo yaliyochemshwa kwa maziwa na vitunguu. Usiogope maziwa, onja kwanza.

Tramu bado zipo?

Hapana. Za umeme zilianza 1898, zikasimamishwa 1931.

Maduka ya zamani yamebaki? (Msomaji wa Muscat)

Majina mengi yamekwenda. Cash's sasa ni Brown Thomas. Roches Stores iliuzwa kwa Debenhams, kampuni ya maduka ya Uingereza, mwaka 2006, nayo Debenhams ikafunga maduka yake yote ya Ireland mwaka 2020. Wafanyakazi, wengi wao wanawake waliotumikia miaka mingi, walipiga kambi milangoni zaidi ya mwaka mmoja wakidai malipo yao ya kuachishwa kazi, mvua iwanyeshee, baridi iwapige. Ningependa wanaoandika historia ya barabara hii wawape nafasi kubwa kama wanayowapa wenye maduka.

Desturi ya kuzurura imebaki. Wenyeji huiita barabara yao Pana, na vijana huipanda na kuishuka wakitazamana, hata bila senti mfukoni.

Niende siku gani?

Jumamosi asubuhi, barabara ikiwa imechangamka. Jumapili English Market hufungwa.