Maswali kwa Shangazi: Nimealikwa Imbalu

Swali: Shangazi shikamoo. Nauza vitenge Busia. Jirani yangu Mmasaba (Mgisu wa mashariki mwa Uganda) amenialika Mbale mwezi wa nane kwenye Imbalu. Niende na wanangu wadogo? Nijiandae vipi?

Msomaji, Busia

Jibu: Marahaba mwanangu. Nenda! Imbalu ni tohara ya vijana wa kiume, na mwaka wake ni ule unaogawanyika kwa mbili. Ukiikosa, ungoje tena. Ufunguzi huwa uwanja wa Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Ngoma za kadodi utazisikia kabla hujaona mtu. Kijana amepakwa unga, njuga zinalia mapajani, anazunguka kwa ndugu akicheza huku umati unamfuata mbio. Mwishoni anasimama wima mbele ya ukoo, kisu kinapita, na hata kope isicheze. Hapo watoto wako wasiwepo, ngoma zinawatosha.

Vaa viatu vya kufunga. Simu ibaki mkobani mpaka mwenyeji wako aiombee ruhusa kwa familia, maana huyo ni mtoto wa watu, si maonyesho. Ukiandaliwa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyoungwa kwa karanga, kula (mimi huomba nyongeza). Pombe ni hiari yako, ila pochi usiiachie.