Kabla ya Kukata Tiketi ya Baleti, Uliza Nani Anacheza

Ukisikia Swan Lake inachezwa mahali unapoweza kufika, usichague tarehe kwa kuangalia likizo yako peke yake. Angalia nani anacheza siku gani. Kampuni kubwa ya baleti ikiweka onyesho moja jukwaani kwa wiki kadhaa, haiwatumii wachezaji wale wale kila usiku, maana miguu haihimili. Hupanga jozi kadhaa za wachezaji wakuu, zikapokezana. Muziki ni ule ule wa Tchaikovsky na mapambo hayabadiliki, lakini wa Jumatano na wa Jumamosi wanaweza kutoka ukumbini wakiwa wameona mambo mawili tofauti kabisa. Watu wa Mombasa tunalijua hili kwenye taarab: mwaliko wa harusi ukifika, kina mama huuliza kwanza nani ataimba, na wimbo wa Juma Bhalo ukiimbwa na mwingine, hata akiupatia, wazee watatikisa kichwa.

Kwetu sisi tulio mbali, kukosea siku ni hasara kubwa. Mkaazi wa London asiporidhika Jumatano hurudi Ijumaa. Aliyesafiri kutoka Pwani amepata nafasi moja, na nauli haimrudii.

Anza na orodha ya wachezaji. Royal Ballet ya London huiweka kwenye tovuti ya Royal Ballet and Opera (zamani Royal Opera House), na huonyesha kila jozi na tarehe zake. Wachezaji wake wako kwenye ngazi tano, kuanzia wale wa kundi hadi wakuu. Paris kuna ngazi tano pia, na ya juu kabisa ni ya wale wanaoitwa nyota. Hao hawafanyi mtihani bali huteuliwa na uongozi, na mara nyingi hutangazwa papo hapo jukwaani onyesho likimalizika. Ngazi hukusaidia kusoma orodha. Ukimwona mchezaji wa ngazi ya tatu au ya nne amepewa nafasi ya Odette, malkia wa mabatamaji katika Swan Lake, kwenye onyesho la mchana, jua kwamba kampuni inampima. Maonyesho ya mchana ndiyo mahali vijana hupewa nafasi zao za kwanza, na tiketi zake mara nyingi ni nafuu.

Je, umfuate kijana anayecheza nafasi kubwa kwa mara ya kwanza? Kama unaishi karibu, nenda kwa vyovyote, kwa sababu kuna moto usiokuja mara ya pili. Kama una safari moja tu mwaka mzima, nashauri umsubiri hadi onyesho lake la pili au la tatu. Mara ya kwanza akili yake iko kwenye hatua na pumzi; uigizaji huja akishajua wapi pa kupumzika. Usiku wa ufunguzi wa msimu pia usikutie wazimu. Romeo and Juliet ya Kenneth MacMillan, iliyofunguliwa Covent Garden, yaani Royal Opera House ya London, tarehe 9 Februari 1965, ilitungwa kwa kuwafikiria wachezaji Lynn Seymour na Christopher Gable, lakini usiku wa kwanza walipewa Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev kwa kuwa majina yao ndiyo yaliyouza tiketi, hasa Marekani. Pazia liliinuliwa mara kwa mara kwa makofi, na Fonteyn na Nureyev walikuwa na haki ya makofi hayo. Hata hivyo aliyetaka kuona Juliet kama alivyowazwa na mtunzi ilimpasa asubiri usiku mwingine. Hadi leo usiku wa ufunguzi hupangwa kwa sababu nyingi, na sanaa ni moja tu kati ya hizo.

Jambo ambalo wageni hulipuuza ni urefu. Mwanamke akipanda kwenye ncha za vidole, huongezeka sentimita 15 na zaidi. Mwanamume asiyemzidi hapo atashindwa kumzungusha vizuri, kwani mkono wa mwanamke uliopita juu ya kichwa unaweza kumgonga uso, naye atalazimika kuinua mabega ili amfikie kiunoni. Ndiyo maana jozi hazichanganywi ovyo. Mwanamume akiumia Jumatatu, mara nyingi jozi nzima huondolewa na nyingine kuwekwa, hata kama mwanamke ni mzima wa afya. Kwa hiyo unapomfuata mtu mmoja, fuatilia na habari za mwenzake. Tiketi kwa kawaida hairudishiwi pesa kwa sababu ya mchezaji kubadilishwa. Angalia tovuti asubuhi ya onyesho, kisha uangalie tena kikaratasi kinachowekwa ndani ya kitabu cha programu au tangazo la mlangoni. Mwisho wa Desemba, baada ya The Nutcracker, baleti ya Krismasi, kuchezwa wiki nyingi mfululizo, mabadiliko huwa mengi kwa sababu ya uchovu na majeraha. Kama lengo lako ni jina fulani, nenda katikati ya msimu.

Usiishie kwenye majina mawili ya juu. Giselle, iliyoanza Paris mwaka 1841 kwa muziki wa Adolphe Adam, ina sehemu mbili, na ya pili inabebwa na Myrtha, malkia wa mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya kuolewa. Yeye ndiye anayefungua sehemu hiyo peke yake, akipita jukwaani kwa hatua ndogo ndogo za ncha ambazo zinatakiwa zionekane kama hana miguu, kisha anaingia kwenye miruko mikubwa bila muda wa kutosha wa kupumua. Myrtha akiwa dhaifu, Giselle na mpenzi wake Albrecht hawana wa kumwogopa, na usiku mzima unapoa hata wao wakicheza vipi. Binafsi husoma jina la Myrtha kabla ya la Albrecht. Kwenye La Bayadère, tazama kundi. Wachezaji 24 au 32, kutegemea kampuni, huteremka mmoja mmoja kwenye mteremko, kila mmoja akirudia arabeski ile ile, yaani kusimama kwa mguu mmoja na kunyoosha mwingine nyuma. Anayetangulia ndiye anayeifanya mara nyingi kuliko wote, na miguu ikianza kutetemeka utaona kifundo cha mguu kikicheza kabla ya goti. Hakuna nyota anayeweza kuokoa sehemu hiyo kundi likivunjika.

Sasa Swan Lake yenyewe. Karibu kila mahali Odette na Odile, binti wa mchawi anayejifanya Odette, huchezwa na mtu mmoja, na hapo ndipo penye mtihani. Wengi ni Odette kwa tabia au Odile kwa tabia. Wanaoweza zote mbili kwa uzito sawa ni wachache, na ukimpata mmoja wao mfuate kila unapoweza. Kwa Odette, usihesabu mguu umepanda juu kiasi gani. Tazama mgongo. Mikono inayofanana na mbawa huanzia katikati ya mabega. Ikianzia viwikoni, unaona mtu anayepunga. Sikiliza na mwendo wa violini katika dansi ya wawili kando ya ziwa. Ukiwa wa polepole mno, mchezaji hugeuka kuwa mfululizo wa picha, na mapenzi yenyewe hupotea.

Kwa Odile watu husubiri mizunguko 32 ya mguu mmoja, ambayo Pierina Legnani aliiweka kwenye Swan Lake ya St Petersburg mwaka 1895. Kusogea mbele kidogo kidogo wakati wa mizunguko ni kawaida. Kusogea upande ndiyo alama ya hatari: mara nyingi mguu unaochapa unachelewa kufika pembeni, au mkono unafunguka kupita kiasi, na nguvu inamvuta nje ya mhimili wake. Angalia kichwa. Kinatakiwa kiwe cha mwisho kuondoka na cha kwanza kurudi. Kikianza kuzunguka pamoja na mabega, mizunguko kumi ya mwisho itakuwa ya kujiokoa. Na asiyefanya 32 si lazima awe mbovu. Maya Plisetskaya alikuwa akizunguka jukwaa kwa mizunguko ya aina nyingine badala yake, na hakuna aliyesema si Odile.

The Sleeping Beauty ya 1890 ina mtihani wa namna nyingine. Aurora, binti mfalme wa hadithi hiyo, huingia akikimbia, hucheza, na muda mfupi baadaye tu anatakiwa asimame kwenye ncha ya mguu mmoja huku wana wa wafalme wanne wakimpokea mkono mmoja baada ya mwingine. Kati ya mkono na mkono anauachia na kuinua wake juu. Hapa watazame hao wanne. Mkono wa mwanamume ukitetemeka, Aurora anaukandamiza, maana yake uzito wake hauko juu ya kidole. Mkono ukitulia kama ukingo wa dirisha, yuko salama. Mwana wa mfalme mgeni anayewahi kuondoa mkono anaweza kumwangusha Aurora bora kabisa, nalo jina lake limo kwenye orodha kwa herufi ndogo.

Viti navyo hutegemea unachokuja kuona. Kwa sehemu ya pili ya Giselle na La Bayadère kaa juu, katikati, upate kuona mistari. Kwa Romeo and Juliet au Manon kaa chini karibu, kwa sababu uso ndio unaosimulia. Pembeni kabisa ni bei rahisi lakini unapoteza theluthi moja ya jukwaa, na daima ndiyo theluthi ambayo mtu anafia. Ukiwa na ndugu London, mwambie kuhusu tiketi ambazo Royal Opera House huziachia kila Ijumaa saa saba mchana kwa saa za kule. Kwetu ni saa kumi alasiri wakati wao wako kwenye majira ya baridi, na saa tisa wakisogeza saa zao, kwa hivyo umetoka msikitini zamani na unaweza kukaa na simu mwenyewe. Fungua akaunti na uhifadhi kadi ya malipo mapema. Wanaokosa wengi hukosa wakiwa wanaandika namba za kadi. Ukimwona Francesca Hayward kwenye orodha, usifikirie mara mbili. Alizaliwa Nairobi mwaka 1992, akawa mchezaji mkuu wa Royal Ballet mwaka 2016, na Juliet wake ana wepesi usioonyesha kazi iliyo chini yake.

Nairobi ndiko karibu zaidi. Shule ya dansi ya Dance Centre Kenya imekuwa ikiiweka The Nutcracker jukwaani Kenya National Theatre, Harry Thuku Road, msimu wa Desemba. Hapo ndipo Wakenya wengi walipomwona Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa mabanda wa Kuwinda, Nairobi, kabla hajaenda kusoma English National Ballet School. Usiende ukitarajia kampuni ya Covent Garden. Hawa wengi ni wanafunzi, na nafasi za watoto katika The Nutcracker kwa desturi hugawiwa makundi zaidi ya moja yanayopokezana. Kama unakwenda kumwona mtoto wa jamaa yako, uliza shuleni yuko kundi gani na tarehe zipi kabla ya kulipa, maana kila Desemba kuna shangazi anayekaa ukumbini akimtafuta binti ambaye leo si zamu yake. Jua pia kwamba katika matoleo mengi mcheza dansi mkuu wa kike haonekani akicheza hadi sehemu ya pili. Ukichelewa na kukosa sehemu ya kwanza umewakosa watoto, ukiondoka mapema umemkosa yeye.

Kuhusu treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi: onyesho la jioni halioani na treni ya usiku ya kurudi. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, mbali na mjini, na foleni ya Mombasa Road haijui baleti. Chagua onyesho la mchana au ulale Nairobi. Na katika Desemba kata tiketi ya kurudi kwanza, kwa sababu kila mtu wa bara anateremka Pwani siku hizo; ya kwenda utaipata, ya Nairobi kuja Miritini, stesheni ya Mombasa, ndiyo inayokwisha. Tiketi hukatwa kwa *639#.

Ukumbini, makofi baada ya dansi ya mtu mmoja ni halali, na wachezaji huyangoja wapate pumzi. Vigelegele pia ni halali, lakini vitoke hatua ikishakwisha. Vikitoka katikati ya dansi ya polepole huwafunika wapiga violini, na mchezaji aliyesimama kwenye ncha anategemea sauti hiyo kujua lini ateremke. Simu izimwe kabisa, kwani mwanga wa kioo gizani humpiga mchezaji machoni wakati anatafuta alama ya kuelekeza kichwa.

Na kama mwaka huu hakuna safari, jizoeze nyumbani. Chukua dansi moja ya dakika mbili, kwa mfano ya Giselle katika sehemu ya kwanza, uitazame ikichezwa na watu watatu tofauti. Mara ya kwanza zima sauti utazame miguu, hasa zile hatua za kuruka kwenye ncha ya mguu wa kushoto zinazokata jukwaa kwa mshazari. Mara ya pili washa sauti uone nani anatangulia muziki, nani anaungoja. Mara ya tatu tazama macho tu. Siku ya World Ballet Day, iliyoanza 2014, kampuni nyingi hurusha mazoezi yao bure. Humo utawaona vijana wa ngazi za chini ambao orodha za msimu ujao zitawapa nafasi. Andika majina yao.