Gramu 30 za giligilani ni vikombe vingapi?

SWALI: Shikamoo mama. Napikia watu kwenye shughuli hapa Mafinga. Nimepata oda ya watu 40 na wanataka chatini ya giligilani. Daftari langu linasema gramu 30 za majani kwa watu 8. Mizani sina, nina kikombe cha kupimia tu. Nipime vipi? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenigusa, maana kikombe kiliwahi kuniumbua. Nilipikia ugeni viazi vya kuoka kwa rozmari, maelekezo yakasema robo kikombe. Nikashindilia majani kwa kidole gumba mpaka yakagoma. Viazi vikawa vichungu kama dawa, na wageni wakala kwa adabu tu. Tangu siku ile sishindilii.

Giligilani ni nyepesi mno, na mizani nyingi za sokoni hazikupi gramu 30 za uhakika. Mimi nilikwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, na majani yangu, yamechambuliwa mabua na kukauka maji, nikamwomba muuza viungo anipimie robo kilo. Nyumbani nikayahesabu kwa kikombe cha mililita 240, nikiyadondosha bila kuyagandamiza. Yakatoka vikombe 15. Kwa hiyo kikombe kimoja ni kama gramu 16 au 17, na gramu 30 zako ni vikombe viwili kasoro kidogo.

Hayo ni majani mazima. Ukishayakatakata yanalala, na kikombe kilekile kinabeba uzito mkubwa zaidi. Basi soma daftari kwa makini: "kikombe cha giligilani, ikatwe" maana yake pima kwanza ndipo ukate, "kikombe cha giligilani iliyokatwa" maana yake kata kwanza. Wengi wanaharibu chatini hapo. Na majani yaliyotoka kuoshwa usiyapime kwa uzito, utakuwa unapima maji. Yakung'ute, yatandaze juu ya kitambaa kikavu.

Usihamishe hesabu hii kwenye nanaa au mrehani. Kila jani lina unene wake, kwa hiyo pima upya mara moja, uandike nyuma ya daftari. Kwa majani makavu, kama ya rozmari, kijiko kimoja hushika nafasi ya vijiko vitatu vya mabichi. Giligilani kavu usiihangaikie, harufu yake yote imeshakwenda.

Sasa oda yako. Watu 40 ni mara tano ya 8, yaani gramu 150: vikombe 9 na kiganja kidogo juu. Mimi nikichambua mabua hubaki na kama nusu ya nilichonunua, kwa hiyo nunua mafungu ya kutosha gramu 300. Nunua asubuhi ya shughuli. Ukilazimika kununua jana yake, usioshe; zungushia kitambaa chenye unyevu, weka pembeni penye baridi, na kwa Mafinga baridi hutaitafuta.