Umeme ukikatika katikati ya bakapu: majibu ya maswali yenu kuhusu restic

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma mjini, Kongwa na Mpwapwa, na yote yanahusu restic, programu huria isiyolipiwa inayotunza nakala za mafaili kwa amri za terminali (dirisha la kuandikia amri). Tumejibu kwa kufuata Ubuntu. Kwenye Windows amri za restic ni hizo hizo, zinazobadilika ni anwani za folda. Tunaposema "ghala" tunamaanisha folda ambamo restic inaweka data yake, na "picha" ni hali ya mafaili yako kama yalivyokuwa siku na saa fulani.

Nina steshenari Makole. Kila Jumamosi nanakili folda nzima ya kazi za wateja kwenye diski ya nje ya TB 1 na kuipa jina la tarehe. Diski imejaa, sijui nifute ipi. Restic itanisaidia? Naanzia wapi?

Itakusaidia sana, kwa sababu shida yako si udogo wa diski. Kila Jumamosi unaandika upya mafaili yale yale. Restic hukata kila faili vipande vya wastani wa MB 1 hivi, na kipande ambacho tayari kimo ghalani hakiandikwi tena. Kazi ya mteja ya GB 3 ambayo haijaguswa miezi sita itachukua nafasi mara moja tu, hata ukipiga picha kila siku.

Usiifomati hiyo diski. Futa nakala za zamani zaidi mpaka upate nafasi inayozidi kidogo ukubwa wa folda ya kazi, na nakala ya Jumamosi iliyopita iache hapo mpaka ghala jipya liwe limejaribiwa. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install restic
restic version

Toleo likiwa chini ya 0.14 halibani data, na Ubuntu 22.04 inakuletea toleo la zamani kuliko hilo. Ikiwa ndivyo, pakua faili la restic la Linux kutoka ukurasa wa mradi wenyewe ulioko GitHub, lifungue kwa bunzip2, lipe ruhusa kwa chmod +x, ulihamishie /usr/local/bin. Baada ya hapo:

export RESTIC_REPOSITORY=/media/ofisi/BAKAPU/ghala
restic init
restic backup ~/Kazi
restic snapshots

Hapo "ofisi" ni jina unalotumia kuingia kwenye kompyuta, na BAKAPU ni jina la diski. Amri ya init itakuuliza nywila mara mbili, na unapoandika hakuna herufi itakayoonekana. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Bakapu ya kwanza itachukua muda. Irudie siku inayofuata uangalie mstari unaoanza na "Added to the repository": pale palipokuwa na GB nyingi utakuta MB chache.

Kuna mtego mmoja. Diski ikichomolewa bila kuaga, folda tupu ya /media/ofisi/BAKAPU inaweza kubaki, na ukichomeka tena diski inafunguka kwa jina la BAKAPU1. Restic itasema ghala halipo. Mtu akiingiwa na hofu anarudia init kwa sudo (yaani kwa mamlaka ya msimamizi), na kuanzia siku hiyo bakapu zinaingia ndani ya kompyuta ile ile anayotaka kuikinga. Kabla ya kurudia init, andika findmnt /media/ofisi/BAKAPU. Isipojibu kitu, diski haipo hapo.

Umeme ulikatika bakapu ikiwa nusu. Uliporudi, bakapu mpya ilipita vizuri, lakini nikitaka kufuta picha za zamani restic inakataa: "repository is already locked". Data imeharibika? (Nkuhungu)

Haijaharibika kwa sababu ya ujumbe huo. Kila restic inapoanza kazi huweka kufuli, yaani faili dogo ndani ya folda ya locks iliyomo ghalani, na hulitoa inapomaliza. Umeme ulipokatika hakukuwa na wa kulitoa. Kufuli la bakapu ni la kushirikiana, ndiyo maana bakapu nyingine ilipita. Amri za forget --prune na check zinataka ghala lote liwe lao peke yao, na hapo ndipo kufuli lililosahaulika linapoonekana.

Andika pgrep -a restic. Isipotoa kitu, na kama hakuna kompyuta nyingine inayotumia ghala hilo, endelea:

restic unlock
restic check

Amri ya unlock huondoa makufuli yaliyokufa tu, kama la kazi ambayo haipo tena kwenye kompyuta hiyo, au lililopita dakika 30 bila kuhuishwa. Usikimbilie --remove-all, kwa sababu hiyo hung'oa hata kufuli la mwenzako aliye katikati ya kazi.

Kuhusu ile bakapu iliyokatika: picha huandikwa mwisho kabisa, vipande vyote vikishaingia. Kwa hiyo kazi ya nusu haiwezi kujitokeza kwenye orodha kama picha kamili. Ukirudia amri, vipande vilivyokwisha kuingia na kuorodheshwa havitaandikwa tena.

Hofu yetu iko kwenye diski yenyewe. Diski ya NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows) iliyozimika ghafla inaweza kugoma kuandikwa, na restic ikatoa "read-only file system". Ichomeke kwenye Windows, fungua terminali kama msimamizi, andika chkdsk E: /f (weka herufi ya diski yako), ndipo uirudishe. Tena, kama mna UPS, angalieni waya wa diski. Zile diski kubwa za nje zina adapta yake, na mara nyingi kompyuta huwa kwenye UPS huku adapta ikiwa ukutani. Umeme ukienda, kompyuta inaendelea kuandika kwenye diski iliyokwisha zima.

Mimi ni mhasibu wa shule, Kongwa. Mfumo wa ada unatumia MySQL (programu ya hifadhidata). Ninachukua bakapu ya folda ya /var/lib/mysql kila jioni. Inatosha?

Haitoshi, ndugu mhasibu, na tunakuomba ubadilishe wiki hii hii. Restic husoma faili moja baada ya jingine. Wakati inasoma la kwanza, MySQL inaandika kwenye la kumi. Unachopata ni mchanganyiko wa nyakati tofauti, na siku ya kurejesha hifadhidata inaweza kukataa kufunguka. Itoe kwanza kama faili la maandishi:

mysqldump --single-transaction ada > ~/damp/ada.sql && restic backup ~/damp

Hapo "ada" ni jina la hifadhidata, na damp ni folda ya kuwekea faili hilo. Chaguo la --single-transaction linakupa hali ya dakika moja bila kuwazuia wanaoingiza malipo, mradi majedwali yawe ya InnoDB (aina mojawapo ya majedwali ya MySQL). Alama && ni muhimu: mysqldump ikishindwa, bakapu haiendelei. Wengi hutumia bomba, yaani alama | kupeleka data moja kwa moja kwa restic. Shida yake ni kwamba mysqldump inaweza kufa njiani, na restic ikahifadhi faili lililokatika bila kulalamika.

Thibitisha kwa tail -n 1 ~/damp/ada.sql. Mstari wa mwisho unatakiwa uanze na "-- Dump completed on" na tarehe ya leo. Usipouona, faili halijakamilika, hata kama ukubwa wake unaridhisha.

Na usilibane kwa gzip kabla ya kulipa restic. Faili la maandishi likiongezeka risiti ishirini, vipande vingi hubaki vilevile. Likibanwa, badiliko dogo linageuza karibu kila kinachofuata, na ghala linavimba kila siku.

Ni mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma. Nina GB 20 za data za utafiti na nimepewa nafasi kwenye seva ya Linux. Bando langu litahimili?

Usiipeleke mara ya kwanza kwa bando. Ukipakia kwa KiB 256 kwa sekunde utasogeza kama MB 900 kwa saa, kwa hiyo GB 20 ni karibu saa 23 mfululizo. Tengeneza ghala kwenye diski ya nje ukiwa nyumbani, ipeleke diski kwa msimamizi wa seva, folda ya ghala inakiliwe yote kama ilivyo na iwe chini ya jina lako la mtumiaji. Ndani imesimbwa, hataweza kuisoma bila nywila. Kuanzia hapo unatuma mabadiliko tu:

ssh-copy-id mtumiaji@seva
restic -r sftp:mtumiaji@seva:/data/ghala backup --limit-upload 256 ~/Utafiti

Kama hujawahi kutengeneza ufunguo wa SSH (unaokuingiza kwenye seva bila nywila ya seva), tanguliza ssh-keygen -t ed25519. Kabla ya kutuma, ongeza --dry-run -v kwenye amri ya bakapu uone ni MB ngapi zingeongezwa. Faili la Excel la xlsx lenyewe ni kifurushi kilichobanwa: ukibadilisha seli moja, karibu lote linatumwa upya. Data ghafi ikiwa CSV (maandishi matupu) bando litapumua.

Nimesahau nywila ya ghala. Kuna njia ya kuifungua?

Hakuna. Data imesimbwa kwa AES-256 (njia madhubuti ya kufunga data kwa siri) na restic haina mlango wa nyuma. Ila kama kuna kompyuta ambayo bado ina faili la nywila na inaendelea kuchukua bakapu, kimbilia hapo leo: restic key add itakuongezea nywila ya pili kwenye ghala lile lile. Ambaye hajasahau, aiandike kwenye karatasi, aiweke mbali na kompyuta.

Mimi ni mwalimu wa taaluma, Mpwapwa. Nimeweka cron (programu ya Linux ya kuendesha kazi kwa ratiba) ichukue bakapu saa nane usiku, lakini kompyuta huzimwa jioni. Na nitajuaje kwamba bakapu ni nzima?

Mwalimu, cron haikumbuki kazi iliyopitwa. Chagua saa ambayo kompyuta inawaka, tuseme saa saba na nusu mchana siku za kazi. Angalia saa: cron inahesabu kwa mtindo wa 24, kwa hiyo unaandika 30 13. Ukiandika 30 7 itaamka saa moja na nusu asubuhi.

Cron pia haisomi yale uliyoweka kwa export kwenye terminali. Yaandike ndani ya faili bakapu.sh:

#!/bin/bash
export RESTIC_REPOSITORY=/media/ofisi/BAKAPU/ghala
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/home/ofisi/.nywila-restic
restic backup /home/ofisi/Matokeo && restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 12 --prune

Faili la nywila lipe chmod 600, na bakapu.sh chmod 700. Kisha crontab -e:

30 13 * * 1-5 /home/ofisi/bakapu.sh >> /home/ofisi/bakapu.log 2>&1

Kama kuna faili ambalo restic haikuweza kulisoma, picha itahifadhiwa lakini restic itarudisha namba 3 (ishara kwamba kuna kilichokosekana), na forget haitafanyika. Soma bakapu.log kila Ijumaa.

Uzima wa bakapu unapimwa kwa kurejesha. Orodha ya picha peke yake haithibitishi kitu.

restic restore latest --target /home/ofisi/jaribio
diff -r /home/ofisi/Matokeo /home/ofisi/jaribio/home/ofisi/Matokeo

Ona anwani ya pili: restic hurejesha na njia nzima ya folda, kwa hiyo mafaili yako yamo ndani kabisa. Wengi hufungua "jaribio", hukuta folda ya home peke yake, wakadhani kazi imeshindwa. Amri ya diff ikikaa kimya, kila faili limelingana. Itakayoyataja yawe ni yale tu mliyoyahariri baada ya bakapu. Ghala likitumiwa na kompyuta zaidi ya moja, ongeza --host na jina la kompyuta, la sivyo "latest" inaweza kuwa ya mwenzako.

Mara moja kila muhula fanya hivyo kwenye kompyuta nyingine kabisa, yenye restic tu na diski, na nywila uisome kwenye karatasi. Usitumie faili la nywila siku hiyo. Kompyuta ya ofisi ikiungua, faili hilo litaungua nalo.